Kituo cha Basi Baada ya Kona

Mama aligongwa na lori la mawe kwenye kona ya Riruta asubuhi moja akingojea basi. Baba alikuwa ameshafariki kwetu magharibi kabla hatujaja Nairobi. Mimi nilikuwa mkubwa, nikaacha shule nikaenda Lavington kutunza bustani ya Mzungu. Kaka yetu mdogo alichukuliwa na mjomba akarudi nyumbani. Tukabaki wawili katika chumba cha kupanga, mimi na dada yangu.

Dada alipofaulu mtihani wa darasa la nne, shule iliyompokea ilikuwa upande wa mjini. Basi lilikuwepo, ila halikuwa na kituo kwetu. Lilitoka chini likipanda mlima, na penye kona ya juu lilipunguza mwendo hata likawa kama linatambaa. Hapo ndipo watu walipolidaka. Ukisimama mahali pengine dereva anakupita huku anakutazama. Kwa hiyo kila mtu alingoja konani, palepale alipofia mama.

Sikumruhusu dada asimame pale. Tulikwenda kwa miguu. Siku zile za Hali ya Hatari, amri ya kutotoka nje usiku ilipokwisha kila alfajiri, tulishika njia, kipande changu cha utambulisho kikiwa mfukoni, mimi upande wa barabara na yeye upande wa majani. Tulipita kando ya nyua za miiba ya kayaba za Lavington, mbwa wakitubwekea. Njiani alisoma masomo yake kwa sauti. Nilijifunza mito ya nchi nyingi katika barabara ile, na akinisahihisha alinivuta mkono wa koti. Nikimfikisha shuleni narudi mbio Lavington, nafika nimechelewa. Mwishowe memsaab, mke wa yule Mzungu, akaniambia nichague, kuja mapema au kutafuta bustani nyingine. Bila bustani hapakuwa na shule wala chumba.

Wakati huo Waafrika walikuwa wameanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Mjumbe wetu alipata kibali cha kufanya mkutano uwanjani pa kanisa Jumamosi moja. Alikuja kwa basi, koti lake limejaa vumbi, na hotuba yake haikuwa ndefu. Alisema anataka kupeleka barazani habari ya mabasi na watu wanaokufa barabarani, lakini kwanza aone kwa macho yake.

“Twendeni mnionyeshe mnapotaka kituo. Kila mtu asimame pale atakapopandia.”

Watu wakamwongoza hadi konani, wakajipanga wakicheka kama wanaopigwa picha. Mimi nikapita katikati yao, nikashuka hadi tambarare iliyo baada ya kona, nikasimama peke yangu kando ya ua wa kanisa. Kutoka pale barabara inaonekana pande zote mbili.

Nikamsikia mjumbe akiuliza, “Yule mbona amejitenga?”

“Huyo mwache, mheshimiwa,” akajibu fundi viatu, jirani yetu wa mlango wa pili. “Mama yake aligongwa hapa. Tangu siku hiyo yeye na hii kona hawasalimiani.”

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mama mmoja muuza mboga akaniita, “Kijana, rudi huku. Huko chini basi litakuja limejaa, utapanda juu ya nani?”

“Nitangoja hapa, mama.”

“Ngoja basi. Utaota mizizi.”

Mjumbe akashuka akaja kusimama karibu nami. Tukawa tunatazama barabara. Lori la mawe likatoka upande wa mjini, likatupita likielekea konani, na sisi wawili tuliliona kabla wale wengine hawajaliona. Mjumbe aliinua mkono awaonye, lakini lilikuwa limeshafika. Kundi zima likaruka mtaroni, wanaume, akina mama na vikapu vyao. Kisha wakapanda tena wakijipangusa, wakitaniana nani ameruka kama chura.

“Huwa wanaruka hivyo?” akaniuliza.

“Kila siku, mheshimiwa. Wamezoea.”

“Na wewe una nani wa kupanda basi?”

“Dada yangu. Anasoma mjini.”

Akaitikia kwa kichwa. Aliporudi konani aliwaambia kwamba ataomba kituo kiwe pale tambarare, na kwamba basi likatazwe kuchukua watu konani. Kicheko kikaisha. Fundi viatu akasema kwa sauti ya chini, ila nilimsikia, “Mtu mmoja na huzuni yake, sasa sote tutaachwa na basi.”

Mjumbe aliuliza swali barazani akajibiwa kwamba jambo linafikiriwa. Akaja kanisani kutuambia hivyo hivyo, bila kulipamba. Akauliza tena, akajibiwa vile vile. Mimi nikamwomba memsaab anivumilie, nikawa nafanya kazi hadi karibu na giza kufidia asubuhi. Majirani waliacha kubisha mlango wetu. Fundi viatu alikuwa akija jioni kuomba moto wa jiko na kukaa kidogo. Sasa aliomba kwingine. Dada akilala mapema, nilikaa na taa nikisikiliza mazungumzo ya vyumba vingine kupitia mabati.

Siku moja tukikaribia tambarare tulikuta nguzo imesimikwa, ina kibao cha kituo. Tukasimama. Juu konani watu walikuwa wengi kama kawaida. Basi likapanda, likajikokota, likawapita. Niliwasikia wakipiga ubavu wake kwa viganja na kumtukana dereva. Likaja likasimama mbele yetu, na kondakta akasema, “Panda, dada, nafasi iko.” Wengine wakafika wakikimbia, wakapanda wakihema, na hakuna aliyenisalimia isipokuwa muuza mboga.

“Kumbe hukuota mizizi,” akasema, akanipa kikapu chake nimshikie apande.

Kesho yake walikuwa tayari pale pa nguzo kabla yetu.

Siku ile ya kwanza dada alikaa dirishani. Aliniinulia kitabu, basi likaondoka, nami nikabaki na safari yangu ya Lavington. Nilikuwa nimeitaka siku ile kwa muda mrefu, na sikuwahi kufikiria njia itakavyokuwa. Nilipita nyua za kayaba na mbwa wao. Nilijaribu kutaja mito, nikakwama, na hapakuwa na wa kunivuta koti.

Nilifika kazini mapema, memsaab akaridhika. Dada alimaliza shule ile, baadaye akaenda ya bweni. Mimi niliendelea kutembea njia ile miaka mingine, kwa upande wa barabara, nikiacha nafasi ya mtu mmoja upande wa majani.