Ubavu wa Kushoto

Mgonga bati wa karakana moja ya magari ya mbio mjini Modena hupapasa gari kwa mgongo wa mkono, maana kiganja chake kilishakufa ganzi kwa nyundo. Gari jekundu la mbio za Grand Prix alilipapasa hivyo, akitaja mbio saba lilizoshinda kama mtu anayeita wanawe. Injinia Ornella, aliyekabidhiwa kulikarabati, alikuwa na karatasi ya vipimo mkononi.

"Mzee, ubavu wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa milimita nane. Tuusawazishe?"

"Wa kushoto niliugonga mimi. Wa kulia, marehemu kaka yangu. Na gari likawatimulia wapinzani wote vumbi hivyo hivyo! Haya, binti, tumfute nani?"

Ornella akaikunja karatasi. Mzee akaugeuza mkono wake, akaulaza katikati ya boneti.

"Hapa ndipo nyundo zetu zilipokutana."