Waithera na Ukurasa wa Baba

Kati ya wahariri wa kujitolea wa ile kamusi elezo ya mtandaoni, hakuna aliyeogopwa kama Waithera wa mtaa wa Kabiria, Nairobi. Mchana alikata karatasi katika duka la kuchapisha River Road. Jioni alishika simu akawasaka wanaoandika humo kuwasifu watu wao. Sheria aliikamata kwa meno: usiandike habari za jamaa yako. Tangaza udugu wenu kwenye ukurasa wa majadiliano, kisha uombe asiyehusika aandike. Abdulrauf, mhariri mwenzake na karani wa duka la vitambaa mjini, alifutiwa makala nzima ya mjomba wake, mwalimu wa madrasa, akaambiwa mbele ya wenzake kwamba kamusi si albamu ya familia. Maneno hayo yalikuwa makali bure, lakini Waithera hakuyajutia.

Kisha baba yake, mzee Kuria, akaugua figo. Zamani alikuwa mwamuzi wa kandanda, na magazeti yaliandika sana fainali alizochezesha. Kitandani kwake mtaani Satellite alitamani jambo moja tu: kujisoma katika kamusi hiyo kabla hajafumba macho. Waithera angeweza kumaliza kazi hiyo kwa jioni moja. Hakuthubutu. Alipeleka ombi kwenye majadiliano, akaeleza wazi kwamba yeye ni bintiye.

Hakuna mhariri aliyelishughulikia. Kila Jumapili mzee aliuliza.

"Waithera, wameniweka kwa hiyo kitu yenu?"

"Bado, baba. Lazima mtu mwingine aandike."

"Basi tungoje. Hata mimi mechi ya ndugu yangu singechezesha."

Akageukia ukutani. Waithera alitoka nje akalia kando ya tangi la maji. Dada yake Nyakio alimfuata, akamuuliza kwa hasira kama sheria hiyo ndiyo itakayomzika baba yao.

Mzee alifariki bila kujisoma.

Baada ya mazishi Abdulrauf alikuja dukani River Road kutoa pole. Alisimama mbele ya meza, kofia mkononi.

"Dada Waithera, ombi lako sote tuliliona," akasema. "Tuliogopa kuligusa. Tulijua ukishuku tu kwamba tunakupendelea, utatufutia tuliyoandika. Nisamehe. Ukurasa wa mzee niliuandika jana."

Waithera akaufungua ukurasa kwenye simu. Baba yake alikuwemo, na fainali zake zote, na mwaka aliozaliwa. Siku ya kufa haikuwepo. Mtu angeusoma akadhani mzee Kuria yuko Satellite anakunywa chai.

"Ya kifo sikuweka," Abdulrauf akaendelea kwa upole. "Hakuna gazeti lililoandika. Na neno la binti halitoshi. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo."

Hakuwa anamkejeli, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Umefanya sawa," Waithera akasema. Akainamia mashine ya kukatia karatasi, akalia kwa sauti mbele ya wateja.