Kijiji chetu hakikuwepo kwenye ramani ya tabianchi, mama akakitaja

Wakuu, salamu kutoka Likasi, Kongo. Hili limetupata mimi na mama yangu wiki hii, na sina sababu ya kulitia chumvi.

Tunaishi mtaa wa Kikula. Wengi hudhani kila aliyehamia huku alifuata shaba ya mgodi wa Kamatanda. Sisi tulifuata maji.

Kwetu ni Kamusenga, siku nzima kwa baiskeli.

Nikiwa mdogo, mvua za kwanza zikishapiga, mama anatupeleka msituni kuokota uyoga. Kofia moja ya uyoga huo inajaza sufuria! Anaupika na karanga za kutwanga. Jamani, ile harufu sijaipata tena popote.

Kisha mvua zikaanza kuchelewa. Mahindi yalifika magotini yakakauka. Mwishowe hata kijito kikakatika, majirani wakaondoka nyumba moja moja. Nasi tukafunga mizigo.

Sasa juzi maafisa walikuja kwenye mkutano wa mtaa kutueleza mpango wa taifa wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Ukutani wakabandika ramani ya vijiji vinavyopendekezwa kupata visima na mbegu za kustahimili ukame.

Mama akaniomba nimsomee. Nikasoma mara mbili. Kamusenga haimo.

Akasimama. (Maneno yao nayaacha kwa Kiswahili cha huku kwetu: mine ni mgodi, njo ni ndiyo, bantu beko ni watu wapo, minye ni mimi.)

Afisa akamuuliza kwa upole, "Mama, mulikuya huku juu ya kazi ya mine?"

"Hapana, baba. Mvua njo ilitufukuza."

"Lakini kule hakuna tena bantu. Kisima itakuwa ya nani?"

Nikajua yameisha. Nikamvuta kitenge akae. Wapi!

Akaanza kutaja nyumba zote na zilikohamia. Ya fundi baiskeli, iko Kakanda. Ya mjane mwenye mabata, iko hapa Kikula. Alipofika ya saba, mtu nyuma akaitika, "Tuko hapa, mama!" Kisha mwingine.

"Bantu beko," mama akasema. "Maji njo hakuna. Andika."

Afisa akaandika Kamusenga kwa kalamu pembeni mwa ramani. Hakuahidi kitu, alisema uamuzi uko Kinshasa.

Njiani mama alilia. Nilidhani ni hasira.

"Hapana," akaniambia. "Minye nilikuwa nasahau vile ile jina iko tamu mu kinywa."

Nilichojifunza: mikutano hii tusiidharau, na tuende na wazazi wetu. Kwenye karatasi kijiji kinaonekana kimekufa, kumbe watu wake wapo mtaa wa pili, wanangoja kuulizwa.

Nawe uliyehamishwa na ukame au mafuriko, kwenu panaitwaje? Paandike hapa chini, tupasome.