Mafuta ya Kung'arisha Magurudumu

Kwetu Tanga gari halirudishwi kwa mwenyewe bila magurudumu kung'aa. Ni heshima, kama vile bakuli la jirani lisivyorudi tupu. Desturi hiyo nilikuja nayo hadi gereji yetu ya Jeppestown, huku kusini mwa Afrika, na nusura imuue bibi wa watu.

Bibi huyo, mwalimu mstaafu, aliachiwa na marehemu mumewe gari dogo jekundu la michezo, la viti viwili, kuukuu kuliko mimi, magurudumu yake ya spoku kama ya baiskeli. Hulileta kila Ijumaa asubuhi kuoshwa na kukaguliwa, akalichukua jioni. Mimi humalizia kazi kwa kuyapulizia magurudumu mafuta ya kung'arisha, na katika hilo sina mkono wa birika.

Mara ya kwanza alipolalamika kwamba breki hazishiki vizuri, nilimgeukia shemeji yangu, Mkongo wa Bukavu aliyemwoa dada yangu. Pedi za breki alikuwa amezifunga yeye. Nikasema mbele ya bibi, kwa Kiingereza ili asikose neno, kwamba huyu hajui breki na asiziguse tena. Shemeji aliinamisha kichwa, akachukua ufagio.

Mwezi uliofuata gari lilikuja likivutwa. Bibi alikuwa amekanyaga breki, gari likapita roboti, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu, likapanda ukingo wa barabara. Nikaijaribu breki: ngumu, haizami, kwa hiyo hakuna upepo ndani wala kinachovuja. Nikafungua gurudumu. Pedi zilikuwa zinang'aa, diski inateleza. Nikanusa kidole. Harufu ilikuwa ya kopo langu. Mafuta yalikuwa yamepenya katikati ya spoku hadi kwenye breki.

Niliona aibu hata kuinuka pale chini. Nikamwita shemeji, nikamwonyesha. Hakushangaa.

"Nilikuwa najua, shemeki. Kila Ijumaa ukienda kuswali, nilikuwa nafungua ile magurudumu, napanguza. Ile Ijumaa ya kabla bibi alalamike nilikuwa kwenye foleni ya karatasi zangu za kukaa huku, gari ikatoka vile vile."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Weye ni kaka ya muke yangu. Nikufundishe mbele ya watu? Kisha ukasema nisiguse breki."

Mimi nilimsema mbele ya watu bila hata kufungua gurudumu moja.

Pedi mpya alizifunga yeye, mimi nikimpa spana. Bibi alipokuja aliona magurudumu yamefifia, akauliza kama tumechoka kumpendezesha. Shemeji alifungua mdomo, nikajua anataka kunisitiri tena. Nikamtangulia. Nilieleza yote kwa Kiingereza, polepole, ili na shemeji asikose neno.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha ufunguo akampa shemeji, akamwomba aliendeshe gari yeye kwanza, naye akaingia kukaa kiti cha pembeni. Wakaondoka. Ufagio ulikuwa umeegemea ukutani, nikauchukua.