Hisa Zilizoitwa Nyoka

Mwaka ule baba aliuza maksai wetu wawili, waliokuwa wakilima shamba letu la Mwala, akanunua hisa za kampuni kongwe ya reli.

"Nitaziuza kabla ya mvua," alimwambia mama. "Nirudi na maksai wanne."

"Na bei ikianguka, tutalima na nini?"

Baba alicheka tu.

Kila siku ya soko alikwenda Machakos mjini, kwa wakala wa hisa, ambako wanaume walisoma bei kwenye gazeti lililobandikwa mlangoni. Kampuni za reli zilikuwa mbili, zote kongwe kuliko babu zao, nao walizibatiza majina. Moja waliiita Kobe, kwa kuwa bei yake haikusogea. Ile ya baba waliiita Nyoka. Siku moja nilifuatana naye, nikamwona rafiki yake, muuza vitambaa mwenye kofia nyeupe, akimvuta mkono.

"Uza leo, bwana. Nyoka akishapanda mti, hashuki kwa ngazi."

"Wewe baki na Kobe wako. Mtafika Kiyama kikiisha!"

Mlango mzima ukaangua kicheko.

Lakini kwetu, giza likianza kuingia, nyoka huitwa kamba, asije akasikia jina lake akaitikia. Baba alilitamka waziwazi akila, Nyoka hivi, Nyoka vile, hadi mama akaacha mkono hewani na tonge lake.

"Baba watoto, sema kamba."

"Hiyo ni karatasi. Karatasi haina masikio."

Jioni baada ya jioni alilitaja. Mimi nilikula nimekunja miguu juu ya kiti.

Mawingu yakaanza kujikusanya. Majirani walikuwa wameshalima. Nira yetu ilining'inia ukutani, buibui wametanda kati ya matundu yake, na baba akasema bado kidogo, Nyoka anazidi kupanda.

Kisha siku moja ya soko alirudi mapema. Alisimama mlangoni, kofia kichwani.

"Habari za huko?" mama aliuliza.

Baba alizitazama pembe za chumba, moja baada ya nyingine.

"Ile kamba," akasema kwa sauti ya chini.

Nje jua lilikuwa bado linawaka.

Ngurumo ikapita mbali, upande wa vilima. Mama akaenda nyuma ya mlango, akatoa majembe matatu, na lile dogo akaniwekea mikononi.