Asitapishwe

Najisema mwenyewe kabla hamjanisema. Wiki iliyopita, mtu mzima mie, nimejaza mafuta ya taa kwenye birika la chai. Nilikuwa nimeyanunua ya kuwashia mkaa, na kwa uvivu wa kutafuta kidumu chake nikayatia kwenye chupa ya maji ya kunywa, nikaisimamisha mezani pembeni ya kopo la sukari. Jioni nikamimina chupa nzima kwenye birika, nikashika kiberiti. Ni harufu ndiyo iliyoniokoa. Ilinipanda puani nikabaki nimesimama na njiti mkononi kama mlinzi aliyesahau analinda nini. Mgeni wangu alikuwa amekaa mlangoni, ananitazama tu. Alichokuja kusema baadaye nitakileta mwisho, maana hadi leo kimenikaa.

Mie ni mtu wa ndani. Safari yangu ndefu kwa wiki ni kwenda gengeni na kurudi, na hata hiyo nalalamika. Vya kunitisha ni vichache. Lakini harufu ile kila ikinikuta inanirudisha kwenye chumba chetu kimoja cha Mbagala, sakafu ya saruji iliyopasuka, mkeka umeviringishwa ukutani, na mie niko darasa la nne, najiona nimeshamaliza elimu yote ya dunia.

Nilikuwa na mwandiko, jamani. Huo siwezi kuukana. Herufi zangu zilikaa kwenye mstari kama wanafunzi paredi, na mwalimu wetu wa sayansi alikuwaga akiliinua daftari langu mbele ya darasa na kusema, "Daftari safi, kichwa safi." Masikini, alifundisha vyumba viwili kwa wakati mmoja. Anaandika ubaoni, anakwenda chumba cha pili, anarudi na kalamu nyekundu. Sie tulikaa wanne kwenye dawati la wawili, tunanakili. Anayemaliza kwanza anapigiwa vema na kutoka kwenda kucheza rede. Basi mie nilinakili mbio, macho ubaoni, roho nje kwenye mpira wa soksi.

Siku moja mada ilikuwa huduma ya kwanza. Aliyeungua afanyiwe hivi, aliyevunjika mguu hivi, aliyekunywa mafuta ya taa hivi. Nikanakili yote, nikapata vema yenye mkia mrefu, nikatoka wa kwanza. Nyumbani nikayakariri huku naosha vyombo, kwa sauti, ili majirani wajue kuna msomi.

Jirani aliyenisikia zaidi alikuwa Mama Hadija. Alikaanga mihogo mbele ya mlango wetu, mwanamke wa Lindi, mwembamba, mwenye kicheko cha ghafla. Hadija mwenyewe hatukuwahi kumwona. Sie watoto tulijua yuko kwao kwa bibi yake. Mama Hadija hakujua kusoma. Mihogo aliifunga kwenye kurasa za madaftari ya zamani, na mara nyingine alinionyesha ukurasa, ameushika juu chini, akauliza, "Somoe, hapa panasemaje?" Nami, mtoto mtovu wa adabu, nilimjibu, "Panasema mihogo yako mibichi, Mama Hadija." Anacheka. "Haya, mwalimu."

Jumamosi moja mama alikwenda Tandika kuuza dagaa, akaniachia mdogo wangu Zaituni, wa miaka mitatu. "Mtazame mwenzio," alisema, kama alivyosema kila siku. Nilimtazama kwa muda. Kisha nikajipangia masufuria ukutani yawe wanafunzi, nikaanza kuyafundisha.

Mafuta ya taa yalikaa kwenye chupa ya soda chini ya meza, yamezibwa na kipande cha nailoni. Katika nyumba zote za mtaa wetu yalikaa hivyo. Niliposikia kikohozi nikageuka, Zai amekaa sakafuni, chupa imelala mapajani mwake, kidevu kinang'aa, na chumba kizima kinanuka.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Sikuogopa. Nilifurahi. Kilichoandikwa kwenye daftari langu kilikuwa kimetokea nyumbani kwetu, na mtu wa kukishughulikia alikuwa mie. Sikumwita mtu yeyote. Nilikimbilia mkoba wa shule, nikafungua ukurasa wenye vema, nikasoma kwa sauti mbele ya masufuria: "Aliyekunywa mafuta ya taa atapishwe, kisha apelekwe haraka kituo cha afya."

Nikakoroga chumvi kwenye kikombe cha maji. Nikamziba pua, nikamnywesha, nikamtia kidole kooni. Akatapika. Nikaona elimu inafanya kazi. Ila alipojaribu kuvuta pumzi ilitoka sauti kama ya mlango unaosuguana na sakafu, na midomo ikaanza kubadilika rangi. Nikakoroga kikombe cha pili.

Kivuli kikaziba mlango. Mama Hadija alikuwa na kijiko chake cha kukaangia mkononi.

"Unampa nini huyo?"

"Maji ya chumvi. Atapike mafuta ya taa."

Alikipiga kile kikombe kikaenda kugonga ukuta. "Usimtapishe! We mtoto, usimtapishe!"

Nikachukia. Msomi nimeingiliwa kazini. "Kwani we unajua kusoma? Mwalimu ndo kaandika! Tazama, ina vema!" Nikamsogezea daftari usoni, mtu ambaye siku hiyo sikuwa nimempa hata shikamoo.

Hakulitazama. Zai alishakuwa begani kwake. "Mie nishatapisha mmoja," alisema, kwa sauti ya chini kabisa, akatoka peku akimpigia kelele kijana wa bodaboda pale kona. Nami nikaelewa kitoto: kumbe naye anaijua kazi hii, sasa mbona ananikataza? Nikabaki mlangoni na daftari langu, natazama karai lake. Mihogo iliungua mpaka ikawa mkaa, na sikuwa na akili hata ya kulishusha.

Zahanati iliwapeleka hospitali kubwa. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye mapafu. Kwa siku kadhaa mama alilala huko chini ya kitanda cha Zai, na kila jioni Mama Hadija alipita kwenda kutazama na kurudi kutuambia, "Bado anavuta pumzi kwa mashine." Nilikuwa nakula kwake siku hizo.

Daktari alitaka kujua mtoto katapishwa na nani. Nilikuwepo siku hiyo, nimeshika nguo ya mama. Mama Hadija akawahi kujibu: "Katapika mwenyewe." Halafu akamgeukia mama, "Huyu ndiye alinikimbilia kuniita. Bila yeye tusingekuwa hapa." Mama akanivuta kifuani, akalia, akasema mwanangu ana akili ya shule. Nikazipokea zile sifa zote, kimya, kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi.

Jumatatu yake darasani niliazima daftari la Rukia, mwenzangu wa dawati, yule mwenye mwandiko wa kuku. Nikatafuta mstari ule. Rukia alikuwa ameandika *asitapishwe*.

Nilirudia mara tatu. Nikafungua langu. Kisha nikachukua kalamu, nikaipenyeza ile *si*, nyembamba, imebanwa kati ya herufi mbili kama mtoto wa nne kwenye dawati. Vema ya mwalimu ilikuwa palepale, na mkia wake mrefu. Alipiga bila kusoma, nami nilisoma bila kuelewa, maana aliyeelewa angejiuliza tu kwa nini kitu kinachochoma kikishuka kirudishwe tena njia ileile.

Zai alipona, alhamdulillah. Leo ni mama wa watu huko Kibamba. Ila kipupwe kikiingia kifua kinambana, na akinipigia simu huwa anakohoa kwanza ndipo anasalimia. Anadhani nanyamaza kwa kumwonea huruma. Akisoma hapa ndipo atajua.

Nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne Mama Hadija aliponiomba nimsindikize msibani kwao. Baada ya mazishi alinichukua nyuma ya nyumba, kwenye kaburi dogo ambalo majani yalikuwa yamelifunika. Akachuchumaa akaanza kuyang'oa, mie nikamsaidia bila kuuliza. Alipomaliza akapangusa mikono. "Hadija huyu," akasema. "Wa miaka miwili. Wenye kujua waliniambia nimpe maji ya chumvi."

Ndipo yale maneno ya mlangoni yaliponifikia, baada ya miaka yote ile. Nilimwekea daftari usoni mwanamke aliyelipata somo lile kwa kumzika mwanawe. Tena alipoulizwa na daktari, alinipa mie kile ambacho yeye hakupewa na mtu: alinibebea kosa langu. Nadhani alijua uzito wake, akaona mtoto wa darasa la nne hataumudu. Nilitaka kumwambia habari ya ile *si* niliyoisahau. Sikuweza. Nilimsalimia Hadija, nikamsomea Fatiha, tukarudi kwa watu.

Basi wiki iliyopita, aliyekuwa mlangoni kwangu akinitazama na njiti yangu ni yeye. Amezeeka, mihogo ameacha, huja jioni kunywa chai na kunichamba. Alinyanyuka taratibu, akanipokonya kiberiti, akayarudisha mafuta kwenye chupa tone kwa tone, akaliweka birika nje. Kwa aibu yangu nikaona nami nifanye jambo la maana. Nikachana karatasi, nikaandika kwa ule mwandiko wangu mzuri, herufi kubwa, MAFUTA YA TAA, nikaibandika kwenye chupa, nikamwonyesha kwa fahari.

Akaishika chupa, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. Akanitazama. Kisha akapanda kigoda, akanyoosha mikono, akaipachika juu kabisa, kwenye mwamba wa paa, mahali ambapo hata mie siifikii bila kigoda.

"Mtoto wa miaka mitatu anasoma?" alisema. "Kusoma umesoma, mwalimu. Kufundishika ndo bado."