Simwongozi Mbwana

Siku moja kabla ya kuondoka kwenda Kongo kulinda amani, mimi na Mbwana tulikwenda Kariakoo kununua soksi na sabuni. Tulipita Mtaa wa Msimbazi tumeshikana mikono, vidole vimefungana, kama tulivyotembea tangu tukiwa watoto wa Ilala. Hakuna aliyegeuza shingo. Baba yangu alitembea hivyo hivyo na rafiki zake, na alikuwa mkali kama pilipili.

Lindo letu huko lilikuwa juu ya kilima chenye migomba. Tulinyoana ndevu, tulitaniana, tulipika. Baridi ya kule haijaumbiwa mtu wa Dar, kwa hiyo tuliunganisha mablanketi yetu tukalala tumekumbatiana, naye akinikoromea sikioni. Niliwahi kumtishia kumhamishia jikoni.

Waasi walitushambulia asubuhi, tukinywa chai.

Kombora la kwanza lilipita juu. La pili liliangukia jiko.

Tulijitupa handakini. Nilijikunyata nikifunika kichwa. Mbwana akanishika mkono.

"Nipo," akasema.

La tatu lilipasua mifuko ya mchanga mbele yetu.

Vumbi lilipotulia, uso wake ulikuwa damu tupu. Vidole vyake vilikuwa bado vimekamata vyangu, na waliokuja na machela walilazimika kutubeba sambamba. Macho yake hayakupona.

Leo nauza viatu Kariakoo. Mbwana hukaa nami kibandani, na kusema kweli wateja wengi wanafuata maneno yake kuliko viatu vyangu. Mchana tunakwenda kula, mkono kwa mkono. Siku hizi watu wanatutazama vibaya.

Mwezi uliopita kijana mmoja alitunyooshea simu, anarekodi huku anacheka. "Wazee, mbona mmeshikana kama maharusi?"

Mama lishe tunayekula kwake alimkemea. "We, huna adabu? Huyo haoni. Mwenzake anamwongoza."

Kijana akashusha simu. "Samahani, wazee. Shikamooni."

Ningeitikia marahaba, mambo yakaisha. Mbwana mwenyewe alishaanza kuchomoa vidole ili aniwekee mkono begani.

"Nitashika bega tu," akaninong'oneza. "Yasije yakakuharibia biashara."

Nilipandwa na hasira, na hasira hiyo sijaijutia. Nikavikamata vidole vyake.

"Mama, ahsante, lakini simwongozi," nikasema kwa sauti, kijana asikie. "Nampenda. Nilimshika alipokuwa anaona, na angeamka kesho anaona ningemshika. Rekodi hiyo, mwanangu."

Hakurekodi. Mbwana akafunga vidole vyake katika vyangu.

Kuna jambo ambalo sikuwaambia. Duka likishushwa mlango wa chuma kwa kishindo, mimi mwenye macho ndiye ninayeganda katikati ya barabara, nikidhani ni kombora. Mbwana hunibana mkono mpaka akili inirudie. Kama kuna anayeongozwa hapa mjini, ni mimi.

Vita vilichukua macho yake na usingizi wangu. Kuna wenzetu waliorudi kwenye majeneza, na mama zao bado tunakwenda kuwajulia hali. Hatukuombwa ruhusa kwa lolote kati ya hayo. Mkono huu tu ndio uliobaki tunaoweza kukataa kunyang'anywa, na hata kombora halikutuachanisha. Simwachii mtoto wa juzi mwenye simu.